Fulana laki tisa, miche laki na nusu

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa nafunga hesabu za mteja wangu mmoja hapa Moshi, mwenye kiwanda kidogo cha mikate. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Watu wananiletea risiti kwenye bahasha za kaki, nyingine zina alama za vidole vya mafuta, na kazi yangu ni kuzipanga hadi zieleweke. Kwenye bahasha ya mzee huyu nikakuta vocha mbili zimebanwa pamoja. Moja ya miche 300, shilingi 150,000. Nyingine ya fulana 60, mbele nembo ya kiwanda, mgongoni picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na maneno "Tutunze Mazingira", shilingi 900,000. Nikampigia simu.

"Shikamoo mzee. Hii ya miche niiweke kwenye fungu gani?"

"Marahaba. Weka matangazo, binti."

Nikaweka matangazo. Kihasibu hakukosea hata kidogo, na ndiyo maana jibu lake halijanitoka kichwani mpaka leo.

Maana ndani ya bahasha ileile kulikuwa na vikaratasi vinne vya mkono, havina risiti ya mashine, havina jina la muuzaji, vimeandikwa kwa kalamu iliyokuwa inakwisha wino: "Kuni kenta 1". Kila wiki kenta moja. Zile nikaziweka kwenye gharama za uzalishaji, pamoja na unga na hamira. Kwa hiyo kwenye vitabu vya kiwanda hiki mazingira yapo mara mbili: yanayochomwa yako kwenye uzalishaji, yanayopandwa yako kwenye matangazo. Nimefanya hesabu za biashara nyingi mjini hapa, hoteli, kumbi za harusi, shule binafsi, na mpangilio ni huohuo.

Halafu kuna suala la tarehe. Miche ilipandwa Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Huko ilikoamuliwa labda ni wakati mzuri wa kupanda, lakini huku kwetu masika yanaanza Machi na kufikia mwisho wa Mei mvua imeshaaga. Anayepanda mche Juni anaupandia baridi na ukame wa miezi minne mbele yake. Nilipita pale walipopanda mwezi wa tisa. Mashimo yalikuwepo, vijiti vilikuwepo, na mbuzi wa jirani alikuwa na afya njema.

Mlima kwenye zile fulana nao una hadithi yake. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na hilo ndilo wageni wanalopiga picha wakihuzunika. Lakini watafiti waliosoma mlima huu wanaeleza kuwa mchango wa barafu kwenye mito yetu ni mdogo mno. Maji tunayokunywa, yanayoingia kwenye mifongo, yaani mifereji yetu ya asili, yanayoshuka hadi mashamba ya mpunga Moshi Chini, yanatokana na msitu: ndio unaonasa mvua na ukungu na kuyaachia taratibu. Kuchora Kibo mgongoni wakati tanurini unachoma mti ni kulia msiba wa jirani huku wa kwako uko sebuleni. Muuzaji wa kuni anasema si miti ya msituni, ni migrevilea ya vihambani, yaani ya kupandwa kwenye mashamba ya nyumbani. Huenda ni kweli. Kikaratasi hakisemi.

Najua nitakachoambiwa: dunia haijapata joto kwa sababu ya mikate ya Moshi. Sawa. Moshi mwingi uliotufikisha hapa ulitoka viwanda vya Ulaya na Marekani, si mji huu, ingawa jina tumebeba sisi. Ila hoja hiyo inafaa mezani kwa wakubwa wanaodaiana fedha kwenye mikutano ya kimataifa. Haimsaidii mtu ambaye mfereji wake umekauka kwa sababu juu yake miti imekwisha.

Wala sisemi wafanyabiashara wawe malaika. Kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini, kinachoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wake. Ukishakamua muwa, makapi unayo tayari, hivyo kuyachoma ni nafuu kuliko kununua kitu kingine. Mazingira yanayolipa hayahitaji fulana.

Pale yasipolipa, inabidi sheria iingie, na iingie kwa wote siku moja. Mwenye kiwanda cha mikate akiacha kuni peke yake na gharama ikapanda, mwenzake wa mtaa wa pili anauza mkate kwa bei ya jana na wateja wanahama. Uungwana wake umemfilisi. Ndiyo maana bado naliheshimu katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019. Wiki mbili kabla yake, pale sokoni Mbuyuni mama ninayemnunulia nyanya alikuwa ananilalamikia kwamba serikali imeamua kuwaua. Wiki mbili baadaye alikuwa na vikapu vimening'inia juu ya meza na anaviuza kwa faida. Hakuna aliyeshindwa kwa kuwa mtii, maana wote walitiishwa. Baadaye wajanja walianza kupitisha vifungashio laini kama mifuko, na bado vinapita, lakini rambo zilizokuwa zinajaa kwenye mitaro yetu zimepungua, hilo ni la kuona kwa macho.

Kuni zinasubiri siku yake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Ila mimi, kwa macho ya vocha, naona tundu dogo linalovujisha kila kitu. Mteja wangu akinunua sukari bila risiti ya mashine, natoka jasho kumtetea mbele ya maofisa wa kodi. Akinunua kenta nne za kuni kwa kikaratasi, hakuna anayeuliza. Kuni zidaiwe risiti na kibali cha mazao ya misitu kama sukari inavyodaiwa risiti, halafu tuone bei yake halisi. Na benki zinazokopesha bajaji haraka zijifunze kukopesha tanuri lisilochoma kuni.

Wazee wetu walikuwa na mfongo. Anayetumia maji anatoka na jembe siku ya kuzibua, asipotoka anatozwa faini au anakosa zamu. Kazi ya mfongo haikuwa msaada kwa jamii wala sadaka. Ilikuwa sehemu ya kulima, kama kupalilia.

Mwaka huu mwezi wa tano mzee akanipigia mapema. Anataka kujua kama hela ya fulana ipo. Sikubishana naye. Nikachukua karatasi, nikapiga mstari katikati: upande mmoja kuni za mwaka mzima na fulana, upande wa pili tanuri la kuchoma pumba za mpunga, ambazo mashineni huku zinarundikwa hadi wenye mashine wanatafuta pa kuzitupa. Nikampelekea kiwandani. Akavaa miwani, akasoma, akachukua kikokotoo akajumlisha upya yeye mwenyewe, maana haniamini kwenye jumla kubwa. Akajumlisha tena.

"Fundi wa hili tanuri yuko wapi?"

"Nitamtafuta, mzee."

"Mtafute." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Na fulana chapisha thelathini tu."