Kabla ya Kupiga Windows Upya kwa Sababu ya Spika

Katika maduka mengi ya kutengeneza kompyuta imezoeleka tabia ambayo naipinga waziwazi. Mteja anafika na laptopu isiyotoa sauti, fundi anabonyezabonyeza vitufe kwa muda mfupi, halafu anatoa hukumu kwamba dawa yake ni kupiga Windows upya, yaani kuufuta mfumo wa kompyuta na kuusimika tena. Mteja asiyeyajua mambo haya anakubali na kulipa, na jioni anakabidhiwa mashine tupu, isiyo na picha zake wala mahesabu ya biashara yake, na mara nyingine isiyo na sauti vilevile. Namfahamu mwanafunzi wa chuo aliyepoteza sura kadhaa za tasnifu yake kwa namna hiyo, ilhali tatizo lenyewe lilikuwa uchafu ndani ya tundu la hedifoni. Ninachosema ni kwamba spika kunyamaza si sababu ya kufuta kompyuta ya mtu, wala ya kuifungua kwa bisibisi, mpaka fundi aonyeshe mbele ya mwenye mali ni wapi hasa sauti inakatikia.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu njia ya sauti inajulikana. Programu inatoa sauti, Windows inaamua iipeleke kwenye kifaa kipi, draiva, yaani programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa, inaitafsiri kwa ajili ya chipu ya sauti, ambayo kwenye laptopu nyingi ni ya Realtek, chipu inaikabidhi kwa amplifaya inayoikuza, na kutoka hapo inapita kwenye nyaya nyembamba hadi kwenye spika mbili ndogo. Spika hizo ni mbili, na kila moja ina koili yake, yaani mzingo wa waya mwembamba. Ni nadra sana zife zote kwa dakika ile ile, tena bila dalili. Spika inayoharibika huanza kwa kukoroma na kupasuka sauti, hasa mwenyewe akiwa na mazoea ya kupandisha sauti ya VLC, programu ya kuchezea video na muziki, kupita asilimia 100, kisha hunyamaza ya upande mmoja huku ya pili ikiendelea. Kwa hiyo zote mbili zikinyamaza kwa pamoja, tena zilikuwa nzima jana, mtu makini huanza na vile vitu ambavyo spika zote mbili zinavitegemea, na vingi kati ya hivyo havihitaji kufungua wala kufuta chochote.

Cha kwanza ni mahali sauti inapoelekezwa. Laptopu iliyowahi kuunganishwa na sabufa ya sebuleni kwa Bluetooth inaweza kuendelea kuipelekea sauti kila sabufa inapowashwa, hata kama mtumiaji yuko chumbani na mlango umefungwa. Iliyotumika na projekta au televisheni kwa waya wa HDMI nayo inaweza kubaki imeelekezwa huko. Zoom ina mahali pake pa kuchagua spika, hivyo mkutano unaweza kuwa kimya wakati muziki unasikika vizuri. Haya yote yanaonekana kwa kubofya alama ya spika kwenye skrini na kusoma jina la kifaa kilichochaguliwa.

Sehemu ambayo ningependa kila mwenye laptopu aielewe ni lile tundu la hedifoni la milimita 3.5. Ndani yake kuna kipande chembamba cha chuma kinachofanya kazi ya swichi. Pini ikiingia inakisukuma, chipu ya sauti inapata taarifa kwamba hedifoni zimechomekwa, na spika zinazimwa. Pini ikitoka, chuma kinarudi mahali pake na spika zinafunguliwa tena. Chuma hicho kikipinda, kikishika kutu, au kikizuiwa na vumbi na nyuzi za begi, laptopu itaendelea kuamini kwamba hedifoni zipo ingawa tundu ni tupu, na hapo unaweza kupandisha sauti mpaka mwisho usisikie hata mkwaruzo. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kutu kwenye vyuma vidogo namna hii ni jambo la kutarajiwa. Kipimo chake ni rahisi: chomeka pini na kuichomoa taratibu mara kadhaa huku ukiangalia kama jina la kifaa linabadilika kwenye skrini. Lisipobadilika, au likibaki kwenye hedifoni wakati hakuna kilichochomekwa, umekwisha kumpata mshukiwa. MacBook Pro nyingi za kabla ya 2016 zina dalili iliyo wazi zaidi, kwa sababu tundu lake hutoa pia sauti ya kidijitali kwa njia ya mwanga, na swichi ikikwama taa nyekundu huwaka ndani ya tundu. Usafishaji hufanywa kompyuta ikiwa imezimwa, kwa brashi ndogo kavu au kwa hewa ya kupuliza, na kamwe usitumie sindano.

Tundu likiwa salama, ndipo tuje kwenye draiva. Baada ya Windows kujisasisha, draiva ya kiwanda inaweza kuondolewa na kuwekwa ya jumla isiyoelewana vizuri na chipu. Ukifungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, kwenye sehemu ya sauti, unaweza kuirudisha draiva ya awali, au kuiondoa kisha kuwasha kompyuta upya ili Windows iisimike tena. Hilo lisipofaa, pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu kwa kutumia namba ya modeli yako. Faili linaweza kufikia mamia ya megabaiti, kwa hiyo hakikisha modeli ni yenyewe kabla ya kumaliza bando. Programu zinazojinadi kwamba zitakutafutia draiva zote kwa pamoja nashauri ziepukwe, maana nyingi huingiza matangazo na uchafu mwingine.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho fundi yeyote anayejiheshimu anapaswa kuwa nacho mfukoni, nacho ni flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Laptopu inawashwa kutokea kwenye flashi hiyo bila kugusa diski ya mteja, kisha inapigwa sauti yoyote. Spika zikilia, basi ni nzima, amplifaya ni nzima, na tatizo limebaki ndani ya Windows. Zikinyamaza, bado si hukumu ya mwisho, kwa kuwa baadhi ya laptopu mpya zinahitaji programu maalumu ya chipu ambayo huenda Ubuntu hiyo haina. Kwa Dell, kitufe cha F12 wakati wa kuwasha kinafungua orodha yenye vipimo vya kiwanda, na kipimo cha spika kimo humo. Ni baada ya hapo tu ndipo bisibisi inakuwa na haki yake. Spika zenyewe hupimwa kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme na ukinzani wa waya: nzima husoma karibu na ohmu 4 au 8 kulingana na aina yake, na isiyosoma kitu imekatika koili. Mteja akionyeshwa namba hiyo kwa macho yake, atalipia spika mpya kwa moyo mweupe.

Nalisemea jambo hili kwa uzito kwa sababu wapo watu ambao kwao sauti ndiyo skrini. Mtu asiyeona anayetumia NVDA, programu ya bure inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti, Kiswahili kikiwemo, hawezi kufanya lolote spika zikinyamaza. Hata ujumbe wa kuomba msaada hawezi kuuandika kwenye mashine hiyo. Kumwambia aiache laptopu dukani kwa siku kadhaa ili ifutwe ni kumkatia kazi na masomo. Kumbe hedifoni za USB zina chipu yake ndani, haziitegemei ile ya kwenye laptopu, na katika hali nyingi zikichomekwa tu sauti inarudi hapo hapo, na mwenyewe anaendelea na shughuli zake wakati chanzo cha tatizo kinatafutwa.

Sikatai kwamba zipo nyakati ambapo kupiga Windows upya ni sahihi, kwa mfano pale ambapo flashi imethibitisha spika ni nzima, draiva zimejaribiwa zote, na mfumo wenyewe umeharibika kwa virusi. Hata hapo, mafaili ya mteja yanakiliwa kwanza kwenye diski ya nje, naye anafungua mawili matatu kuhakikisha yamo. Tena Windows 10 na 11 zina njia ya kujisimika upya huku zikibakiza mafaili ya mtumiaji, ingawa programu zitaondoka. Fundi anayeifahamu njia hiyo, kisha akachagua kufuta kila kitu kwa sababu ndiyo aliyoizoea, anapaswa kuulizwa sababu kabla hajalipwa.