Tulivyomzika Thabeet akiwa hai

Februari 2010, kijiwe chetu cha Temeke kilimzika Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu mcheza kikapu, akiwa hai. Memphis Grizzlies, waliomchagua wa pili mwaka 2009 wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walipogawanywa kwa timu, walikuwa wamempeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo kule Bismarck. Kabla yake hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho akapelekwa huko. "Kachemsha," tukasema, kahawa mkononi. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, na hiyo Dakota hata kwenye ramani nisingeweza kuionyesha.

Leo naishi Portland, jimbo la Maine huku Marekani, na timu ninayoishabikia ni ya ligi ile ile. Ilianza kucheza msimu huo huo wa 2009/10 ikiitwa Maine Red Claws, yaani Magando Mekundu, kwa heshima ya kamba koche, ambaye huku ni kama karafuu kwa Mpemba. Boston Celtics, timu ya NBA, waliinunua 2019, na 2021 ikaitwa Maine Celtics, jezi nyekundu zikawa za kijani. Mimi bado naiita Magando.

Wanachezea Expo, jengo la matofali la mwaka 1914, likijaa ni watu kama 3,000. Ukikaa chini kabisa unasikia soli zikilia sakafuni na kocha akifoka. Nalijua jengo lile kwa sababu nyingine pia. Kiangazi cha 2019 mji ulilifanya makazi ya muda ya mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, vitanda vya kukunja vimepangwa chini ya ringi. Nilikwenda kusaidia kutafsiri. Mama mmoja wa Bukavu alinisikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza mwanawe huyu baba anasema nini. Kiswahili changu cha Temeke kilimshinda! Katikati ya Agosti wakahamishwa, na Novemba pale pale palipokuwa na vitanda akawa anadunki Tacko Fall, Msenegali wa sentimita 226, watoto wakipiga kelele za jina lake.

Sasa nirudi kijiweni. Sisi tuna ngazi mbili tu: upo NBA, au umefulia. Huku kuna ngazi ya katikati, na ni kazi kamili. Tangu 2017 wapo wachezaji wenye mkataba wa pande mbili, mguu mmoja Maine, mwingine Boston. Kutoka hapa hadi Boston ni mwendo mfupi kuliko Dar hadi Morogoro. Akipigiwa simu asubuhi, usiku anaweza kuwa benchi la wakubwa. Wasio na mkataba huo, msimu wa 2018/19 walilipwa dola 35,000. Mimi ninayeogesha wazee na kuwabadilishia shuka sikuwa mbali sana na hapo, ingawa wao walizipata kwa miezi mitano hivi. Hata hivyo, hayo si maisha ya mtu aliyetupwa. Kijana wa kwetu mwenye kipaji anachezea kiwanja cha saruji, mvua ikinyesha mechi imekwisha, na kesho yake hajui mechi ijayo ni lini. Ningempa ratiba kabla ya kumpa viatu.

Lakini kuna kitu cha nyumbani ambacho Expo haina. Pazi, Savio au Vijana, klabu za kikapu za Dar, ni timu za watu. Mchezaji utamtukana na kumpenda miaka kumi, na harusini kwake utakwenda. Huku ukishamzoea tu, kaitwa juu au kauzwa. Aprili 2024 Magando walifika fainali na kufungwa 2-1 na Oklahoma City Blue. Siku ya pili kazini nikiwa bado nimenuna, mwenzangu mzaliwa wa hapa akaniuliza kama msimu ulikuwa umekwisha.

Thabeet mwenyewe alirudi ligi hii msimu wa 2019/20, akiwa na timu ya Fort Wayne, amevuka miaka 30, na bado anataka kucheza. Nilipowatumia wenzangu picha ya Expo kwenye kundi letu la WhatsApp, mmoja akajibu, "Si ndiyo ile ligi ya waliochemsha?" Nikamwambia ndiyo hiyo, na Jumamosi naenda tena.