Fidia ya ajali: usaini leo au usubiri mwili useme?

Simu ya kwanza kutoka kwa kampuni ya bima ya dereva aliyekugonga huwa ya upole. Afisa madai anakupa pole, anauliza unaendeleaje, kisha anataja kiasi. Wewe mguu bado uko kwenye plasta, kazini huendi, bili ya hospitali inapanda. Katika hali hiyo pesa yoyote huonekana nyingi.

Wanaoshauri "chukua yaishe" hubezwa haraka mno. Kesi hula miaka. Shahidi aliyeapa leo kwamba taa ilikuwa nyekundu, baada ya miaka miwili atasema "nadhani". Kama nawe ulivuka ukiwa unaangalia simu, mahakama za nchi nyingi zitakugawia lawama: ukibebeshwa robo, fidia ya 100 inakuwa 75. Kuna pia kikomo cha bima yenyewe, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa. Hukumu ikizidi kikomo hicho, kilichobaki utamdai dereva, na huenda dereva huyo hana hata gari tena.

Halafu kuna wakili. Marekani, kwa mfano, mawakili wa kesi hizi kwa kawaida huchukua karibu theluthi ya fidia. Piga hesabu: ofa ni 60, wakili anaipandisha hadi 90, anachukua 30 yake. Umerudi palepale kwenye 60, na bado hujalipia ripoti za daktari. Kwa jeraha dogo lililokwisha kupona na lawama isiyobishaniwa, sioni aibu kumaliza mwenyewe.

Kinachonipa shaka ni karatasi inayoambatana na hundi ya haraka. Ndani yake kwa kawaida kuna maneno kwamba unaachilia "madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana". Hilo neno la mwisho ndilo unalouza. Maumivu ya shingo huweza kuanza siku moja au mbili baada ya ajali. Pigo la kichwa huweza kujitokeza baadaye kama usahaulifu au hasira ambazo watu wa nyumbani wanaziona kabla yako. Ukishasaini, upasuaji utakaohitajika mwakani ni wa mfuko wako. England na Wales, tangu Mei 31, 2021, sheria inakataza kampuni za bima na mawakili kumaliza madai ya jeraha la shingo litokanalo na ajali ya gari bila kwanza kuona ushahidi wa daktari. Watunga sheria walilenga zaidi kupunguza madai ya uongo, lakini matokeo ni yale yale: bila daktari, hakuna ofa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kungoja, mpaka daktari aandike kwamba umepona au kwamba hali imefika mwisho wa kuimarika. Ila kungoja kuna mtego wake. Kila nchi ina ukomo wa muda wa kufungua kesi, na mara nyingi mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo. Afisa anaweza kuwa mwungwana kwako mwaka mzima, barua zikienda na kurudi, halafu siku moja baada ya ukomo akawa hana la kuzungumza. Tarehe hiyo iulizie mapema, uiandike ukutani.

Na njaa je? Si lazima iwe yote au hakuna. Omba malipo ya awali pale sheria inapoyaruhusu. Madai ya gari au pikipiki iliyoharibika mara nyingi hulipwa peke yake, kabla ya madai ya mwili. Soma tu hati yake uhakikishe inataja chombo pekee na haikugusi wewe.

Afisa madai mwenyewe si adui, ingawa si rafiki vilevile. Kila anachokulipa lazima akieleze kwa bosi wake, naye hawezi kueleza kwa huruma. Risiti za dawa na nauli za kliniki, barua ya mwajiri kuhusu siku ulizokosa: hizo anaweza kuzijumlisha. Maumivu hayana risiti, na hapo ndipo daftari la kila siku husaidia. "Leo nimeshindwa kufunga kamba za viatu, mwanangu amenifungia" lina uzito kuliko "nateseka sana". Lakini daftari hukata pande zote mbili: ukiandika "leo najisikia vizuri", litasomwa hilo pia, sawa na picha yako ukicheza harusini.

Ofa ikija, usijibu kwa namba papo hapo. Omba iletwe kwa maandishi, ikionyesha matibabu wameyakadiria kiasi gani, mshahara kiasi gani, maumivu kiasi gani, na kama wamekata chochote kwa lawama. Mara nyingi mvutano wa kweli uko kwenye mstari mmoja tu, pengine wanakuhesabia wiki tatu za kukosa kazi ilhali barua ya mwajiri inasema tisa. Uliza pia kama hospitali au bima yako ya afya ina haki ya kurudishiwa gharama zake kutoka kwenye fidia hiyo, maana ikiwa nayo, namba uliyotajiwa kwenye simu si yako yote.