Miaka mitano ya kusomea kutembea: ndoo ya Newala ina neno katika mjadala huu

Kijana aliyesomea fiziotherapia Moshi akirudi Masasi na habari kwamba amepata nafasi ya uzamivu ughaibuni, tena ya kulipiwa, nyumba nzima hushangilia. Shangwe hupoa akitaja fani. Biomekanika, anasema: sayansi ya mwendo wa binadamu, nguvu zinazopita gotini, kiunoni na shingoni mtu anapotembea, anaponyanyua au anapoanguka. "Miaka mitano unakwenda kusomea kutembea?" Mjomba akishauliza hivyo, baraza lote linacheka.

Kicheko hicho kina hoja ndani yake, na wapo wanaoisema bila kucheka. Mtwara na Lindi, mikoa hii ya kusini mwa Tanzania, zinahitaji mikono, wanasema. Zinahitaji mtu wa kumsimamisha tena mzee aliyepigwa na kiharusi, wa kumrudishia mwendesha bodaboda mguu uliokaa kwenye plasta miezi mitatu. Mtu huyo akipanda ndege, kitanda cha mazoezi kinabaki kitupu hapa, na maabara ya huko inapata mpimaji wa bei nafuu. Ni hoja ya watu wanaoijua wodi, na sina haraka ya kuipuuza. Ila naona inakosea mahali pawili: fedha hizo ni za nini, na maswali ya sayansi hiyo ni ya nani.

Fedha kwanza, maana hapa ndipo wengi hupotea. Huku mfadhili anafikiriwa kuwa mtu mwema anayelipia ada ya mtoto wa mwenziwe. Katika fani hii sehemu kubwa ya fedha haiji kwa njia hiyo. Marekani, profesa anaomba ruzuku ya utafiti, tuseme juu ya wazee wanaoanguka au wachezaji wanaochanika kano za goti, na katika bajeti anatenga malipo ya msaidizi wa utafiti. Msaidizi huyo ndiye mwanafunzi wake. Kwa kawaida hufanya kazi saa 20 kwa wiki, ada inalipwa au kufutwa, naye anapewa posho ya kuishi. Uholanzi na Norway mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa mwenye mkataba, anayekatwa kodi kama mwalimu wa Tandahimba. Ujerumani nako nafasi nyingi ni za ajira, ingawa mara nyingi ni kwa sehemu tu ya mshahara kamili.

Aliyelielewa hilo huandika barua tofauti kabisa. Haanzi na umaskini wa wazazi wake wala bei ya korosho ya mwaka jana. Anaandika barua ya kazi: najua kupima hiki, nimewahi kuchambua takwimu hizi, programu ile naimudu. Anasoma pia masharti madogo chini ya tangazo. Ufadhili mkubwa wa uzamivu wa shirika la sayansi la Marekani, NSF, ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo tu, na zile ruzuku za mafunzo za taasisi yao ya afya, NIH, ni vivyo hivyo. Vijana wetu humaliza bando usiku wakijaza fomu ambazo mstari wa tatu umeshawatoa. Nafasi zilizo wazi kwa Mtanzania zipo, lakini ziko zaidi mfukoni mwa profesa mmoja mmoja kuliko kwenye mabango ya skolashipu. Viza ya Marekani nayo hutegemea amri za Ikulu ya huko, ambazo hubadilika, hivyo si busara kuwa na mlango mmoja.

Kwa wanaohofia kwamba kila anayekwenda amekwenda moja kwa moja, zipo njia zenye kamba mguuni. Skolashipu za Jumuiya ya Madola za Uingereza humtaka mtu akubali kurudi kwao akimaliza. Chevening, ya uzamili wa mwaka mmoja, inadai miaka miwili nyumbani baada ya masomo. Fulbright ya Marekani huja na viza yenye sharti kama hilo. DAAD ya Ujerumani, kwa kozi zake za uzamili zinazohusu maendeleo, inataka mwombaji awe amefanya kazi angalau miaka miwili kwanza. Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu litamfaa mtu aliyeshika wagonjwa kwenye hospitali za Nyangao au Ndanda kuliko yule aliyetoka darasani jana.

Sasa swali ni la nani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa G.M.O. Maloiy wa Nairobi na wenzake, akiwamo Norman Heglund. Walipima oksijeni inayotumiwa na wanawake wanapotembea na mzigo: wa Kijaluo wakiubeba utosini, wa Kikikuyu wakiubeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wakakuta jambo lililowashangaza wanasayansi: mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati. Ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaja na maelezo. Katika kila hatua mwili wa mtu hupanda na kushuka kama bembea, na nishati nyingine hupotea njiani. Wanawake hawa, wakiwa na mzigo, hupoteza nishati pungufu.

Dunia iliipenda habari hiyo. Mwanamke wa Kiafrika anabeba bure! Mpaka leo hurudiwa hivyo, kwa sifa, na asilimia 20 yenyewe husahauliwa njiani.

Tuichukue hiyo asilimia mpaka Newala, mkoani Mtwara. Mwanamke wa kilo 55: asilimia 20 ya uzito wake ni kilo 11. Ndoo ya kawaida ni ya lita 20. Maji peke yake ni kilo 20, na ukijumlisha ndoo yenyewe unakaribia 21. Hiyo ni asilimia 38 ya uzito wake, karibu mara mbili ya kikomo cha "bure". Nafuu ile inaishia ndoo ikiwa nusu. Nani anakwenda kuteka maji akarudi na nusu ndoo? Halafu wale wa 1986 walipimwa wakitembea tambarare. Watu wa uwanda wa Makonde wanajua tambarare yao iko juu, na kwa vizazi maji yalikuwa chini mabondeni. Bibi zetu walishuka na ndoo tupu na kupanda na iliyojaa. Bomba limefika vijiji vingi tangu miradi ya maji iliyofadhiliwa na Finland miaka ya 1970, na pale pampu inapogoma njia ile ile ya bondeni hukumbukwa upya.

Kuna zaidi. Oksijeni inasema misuli imekula nini; haisemi shingo imebanwa kiasi gani. Mtu anaweza kuokoa nishati na bado akafikisha miaka hamsini hawezi kugeuka kuitazama njia nyuma yake. Ray Lloyd na wenzake walipowapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2010, hawakuikuta ile nafuu kwa kundi zima. Walichokuta ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu: mmoja anaokoa, jirani yake analipa. Hapo ndipo ningetaka mtu wa Newala asimame, mbele ya hiyo tofauti. Anayeokoa anafanya nini na kiuno chake ambacho mwenziwe hafanyi? Alianza kubeba akiwa na umri gani? Inakuwaje akiwa na mtoto mgongoni, au mimba ya miezi saba? Je, mbinu hiyo inafundishika kwa msichana wa miaka kumi, au tukiacha kumbebesha mapema tutakuwa tumemsaidia zaidi? Haya ni maswali ya uzamivu kamili, na aliyekua akiyaona kila alfajiri anayauliza vizuri kuliko mgeni wa wiki sita.

Nenda kwenye mashamba ya korosho ukute jingine. Mpulizaji wa salfa hubeba mashine ya injini mgongoni, kilo kumi na ushee ikiwa tupu, kabla ya salfa na mafuta, inatetema, naye anapita mti baada ya mti ameinua shingo kutazama juu. Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara, imefanya kazi kubwa juu ya mkorosho na ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa hiyo huuzuia. Mgongo wa mpulizaji si zao la shambani, kwa hiyo hauna kituo.

Nikiwa hapo hapo, watu wa Lindi watanisamehe nikiwagusia mjusi wao, yule dinosaria. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa iliyochimbuliwa kilima cha Tendaguru, mingi kichwani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mjusi akasimamishwa Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Tangu wakati huo wataalamu wamekokotoa uzito wake, namna alivyoishika shingo yake, hata kazi ambayo moyo wake ungefanya kuipandisha damu. Mnyama wa miaka milioni 150 ana biomekanika yake vitabuni. Shingo za wapagazi waliombeba hazikupimwa na yeyote.

Upande wa pili una mambo mazito kuliko kile kicheko cha barazani, na zito kuliko yote ni la kurudi. Tuseme kijana ameshika sharti lake na karudi na shahada. TCU, tume ya vyuo vikuu, itaitambua, sawa. Halafu? Matangazo ya ajira serikalini huenda kwa kada: fiziotherapia, uhandisi wa vifaa tiba, ualimu. Tangazo linalotafuta mtaalamu wa biomekanika kwa hospitali ya mkoa sijaliona. Atarudishwa kwenye kitanda kile kile cha mazoezi, pengine kwa mshahara wa kada ile ile, akiwa na ujuzi usio na meza. Wanaosema kwamba hapo ndipo watu hukata tamaa na kuondoka tena wanasema kweli.

La pili ni hilo la swali. Nimesema ni ajira, na mwajiriwa hufanya kazi ya mwajiri. Ukipokelewa kwa ruzuku ya magoti ya wachezaji wa mpira wa kikapu, utapima magoti ya wachezaji wa mpira wa kikapu, na takwimu zitakuwa za maabara. Ndoo ya Newala itangoja. Wapo waliongoja mpaka wakaisahau, wakapata ukaazi, watoto wakaanza shule huko. Siwalaumu, lakini nisingependa kijana aambiwe hadithi ya kurudi kama vile inajiendesha yenyewe.

Hoja ya vifaa ndiyo niionayo dhaifu siku hizi. Ilikuwa kweli kwamba bila kamera maalumu na mabamba ya kupimia nguvu sakafuni huna la kufanya. Leo programu ya OpenSim, ya kuiga mwendo wa mwili kwenye kompyuta, ni ya bure, na OpenCap, iliyotengenezwa chuoni Stanford na kuelezwa kwenye jarida mwaka 2023, inakadiria mwendo wa viungo kutokana na video za simu mbili za iPhone. Si sahihi kama maabara ya mamilioni, na inataka intaneti inayoeleweka. Kwa kulinganisha mwendo wa mgonjwa kabla na baada ya mazoezi, au wabebaji wawili njia moja, inafaa kuanzia. Tena nchi hii si ngeni katika fani. Chuo cha TATCOT pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, wanafunzi wakitoka nchi nyingi za Afrika, na mguu bandia ni biomekanika tupu, hata kama hakuna anayeuita hivyo akiwa anaufunga kwa mgonjwa.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana wa Masasi nitamwambia aende, ila asiende kwa kuchomoka. Kama ameajiriwa, aombe ruhusa ya masomo badala ya kuacha kazi, na kabla hajasaini huko apate mtu hapa, daktari wa mifupa wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Mitengo, Mtwara, au mhadhiri wa Moshi, atakayekubali kuwa msimamizi wake wa pili. Maabara iwe huko, upimaji uwe huku: mwaka wa kozi, mwaka wa kupima Newala, kisha kurudi kuandika. Si kila profesa atakubali. Wengine watakubali kwa furaha, kwa sababu watu wa kupimwa ndio haba kwao. Na kabla ya kutazama Boston atazame Makhanda, Afrika Kusini, ambako Chuo Kikuu cha Rhodes kina idara ya mwendo wa binadamu na ajonomia, yaani sayansi ya kuilinganisha kazi na mwili wa mfanyakazi. Kule mpulizaji wa salfa hatahitaji kuelezwa sana.

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwezi Desemba, na barua kwa profesa inapaswa kutangulia miezi mitatu au minne. Iwe fupi. Aya ya kwanza: hesabu ya ndoo, kilo 21 juu ya mwili wa kilo 55, na ule mlima ambao utafiti wa 1986 haukuwa nao. Aya ya pili: vijiji anavyovijua, umri wa wabebaji, video za simu alizokwisha kuzichukua kwa ridhaa yao. Kisha ataje kwamba anazungumza nao Kimakonde. Mwombaji wa Seoul atakuwa na alama nzuri kuliko zake na mashine ambazo yeye hajawahi kuzigusa, ila mstari huo hawezi kuuandika.