Kumpima Unitas kwa rula ya Brady

Tom Brady ana mataji 7 ya Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, na pasi 649 za tachidauni, yaani zilizozaa bao kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, katika misimu 23. Johnny Unitas, kwotabeki (mrusha pasi) wa Baltimore Colts, alimaliza na pasi 290 za aina hiyo. Anayeziweka namba hizo sambamba na kutoa hukumu amelinganisha kanuni za mchezo, si wachezaji.

Gawanya kwanza kwa mechi. Mwaka 1959 Unitas alirusha pasi 32 za tachidauni katika mechi 12, sawa na 2.67 kwa mechi. Brady mwaka 2007 alirusha 50 katika mechi 16, yaani 3.13. Pengo limepungua sana, na bado hatujagusa mwaka 1978. Enzi za Unitas mlinzi aliruhusiwa kumsukuma mpokeaji uwanja mzima, mradi mpira haujarushwa. Tangu 1978 mwisho ni yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia mchezo. Mwaka huohuo wazuiaji wa mstari wa mbele waliruhusiwa kunyoosha mikono wakiwa wamekunjua viganja, na kwotabeki akapata muda zaidi wa kutazama. Unitas, tena, alichagua mwenyewe mipango ya mashambulizi uwanjani. Tangu 1994 kocha humsemesha kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya kofia.

Alama maarufu ya ubora wa pasi, iliyoanza 1973, haitusaidii hapa. Inachanganya asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, tachidauni na pasi zilizonyakwa na wapinzani; kwotabeki kuangushwa akiwa bado na mpira mkononi hakuhesabiwi kabisa. Vipimo vyake vilitokana na pasi za zamani, ndiyo maana 92.0 ya Unitas mwaka 1959 leo inaonekana ya kawaida. Njia ya haki zaidi ni kumpima kila mmoja dhidi ya wastani wa ligi wa msimu wake.

Ila njia hiyo nayo ina tundu, na si dogo. Ligi ya 1959 ilikuwa na timu 12 tu, na kwa miongo mingi wachezaji weusi waliokuwa makwotabeki vyuoni walihamishiwa nafasi nyingine walipofika NFL. Kuwashinda wenzako wa zama hizo hakukuwa kuwashinda wote walioweza kucheza nafasi hiyo.

Kwa msimu mmoja, naona hakuna anayemfikia Dan Marino, kwotabeki wa Miami, wa 1984. Rekodi ya pasi za tachidauni kwa msimu ilikuwa 36. Yeye akafikisha 48, akiongeza theluthi nzima, chini ya kanuni zilezile ambazo wapinzani wake walikuwa wamezitumia tangu 1978. Kwotabeki Peyton Manning alipoivunja mwaka 2004 alifika 49. Wanaohesabu mataji watasema Marino hakupata hata moja, na ni kweli: Super Bowl yake pekee alifungwa 38-16 na San Francisco ya Joe Montana. Lakini Montana alitwaa mataji yake 4 kabla ya ukomo wa mishahara wa 1994, yaani kikomo cha jumla ambacho kila klabu inaweza kuwalipa wachezaji wake, wakati klabu tajiri ilipoweza kulimbikiza nyota, hata benchi.

Hapo ndipo hoja ya Brady inapopata uzito wake halisi. Mataji yake yote 7 aliyapata chini ya ukomo huo, 6 akiwa New England na 1 Tampa Bay, akiwa na umri wa miaka 43.