Mkate wa mahindi wa Kusini hautaki sukari

Mapishi ya bibi huko Kusini mwa Marekani, Georgia na Alabama na majirani zao, mara nyingi hurithishwa kama orodha ya vitu vya kununua. Hapo ndipo yanapoharibikia. Mjukuu anao unga, mtindi na mayai, ila hakuna aliyemwambia habari za kikaango. Mkate ukitoka umepauka na kugandia chini, anaongeza sukari.

Sukari haitengenezi ganda zuri. Inaunguza chini kabla katikati hakujaiva. Chukua vikombe 2 vya unga mweupe wa mahindi, dona hasa, maana sembe imeondolewa kiini na utamu wake. Changanya na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha beking pauda na nusu ya beking soda. Pembeni piga mayai 2 na kikombe 1 na nusu cha mtindi. Dona ikinywa sana ongeza mtindi, mpaka upate uji mzito unaomiminika.

Kabla hujachanganya hivyo viwili, kikaango kizito cha chuma cha sentimita 25 kiwe kimeshakaa dakika 10 ndani ya oveni ya nyuzi 220, kikiwa na vijiko vikubwa 3 vya mafuta. Huko Kusini hutumia ya nguruwe. Siagi nayo inafaa, ila itiwe dakika za mwisho isije ikaungua. Dondosha tone la uji: lisipochachatika, rudisha kikaango. Kikiwa baridi, unga hunywa mafuta na kushika chuma. Mimina uji wote, urudishe ovenini; dakika 20 hadi 25 zinatosha.

Mboga yake ni collard, ndugu wa sukuma wiki, lakini usiikate nyembamba wala kuikaanga. Chemsha kwanza shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, saa nzima, ndipo utie majani, yachemke taratibu dakika 45 au zaidi. Chumvi na siki ni mwishoni: nyama ina chumvi yake, na siki ikiwahi majani hayalainiki.

Mchuzi unaobaki, potlikker, usimwage ng'o. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana, alibishana magazetini na mhariri Julian Harris wa Atlanta: mkate uchovywe humo au uvurugwe? Long alitaka uchovywe. Nipo upande wake, mradi mkate una ganda. Usio nalo utavurugika wenyewe.