Kisa Nilisoma Moscow

Wenzangu wanaandamwa na madeni, mimi naandamwa na Yeltsin, yule rais wa Urusi wa miaka ya tisini. Nikikaa barazani tu, kijana mmoja ananidaka: "Mzee, wewe si ulisoma Moscow? Soko huria liliwafaa wale wakomunisti au liliwamaliza?" Na kahawa yenyewe hanilipii!

Haya. Mwaka 1991 maduka ya kule yalikuwa matupu. Unaingia kwanza kwenye foleni, halafu ndiyo unauliza kinauzwa nini. Mimi niliwahi kutoka na buti za kike, na mke sina, na nikafurahi vilevile.

Tarehe 2 Januari 1992 Yeltsin na kijana wake Gaidar, waziri wa uchumi, wakaachia bei zilizokuwa zikipangwa na serikali. Hazikupita wiki nyingi, soseji hizo! Sijui zilikuwa zimejificha wapi. Ila sasa foleni hakuna kwa sababu hela hakuna. Mwaka ule bei zilipanda kama mara 26. Bibi mmoja wa jengo letu alikuwa na akiba yake ya mazishi benki. Ikabaki ya kununulia mkate, kwa hiyo akaamua kutokufa.

Wakaruhusu kila mtu auze popote. Nje ya metro akina mama wamejipanga kwenye theluji, huyu kashika birika, yule soksi, yule kitoto cha paka. Siku moja namwona mwalimu wangu wa hesabu kasimama na vodka chupa mbili. Akajifanya hanioni. Nami nikajifanya simwoni, maana angenibandika bei ya mgeni.

Halafu vocha. Si hizi mnazokwangua. Kila Mrusi alipewa karatasi ya rubli 10,000, fungu lake katika mali ya taifa, na Chubais, msimamizi wa ubinafsishaji, akaapa itafikia thamani ya gari mbili aina ya Volga. Wengi waliiuza kwa bei ya ulevi wa jioni moja. Wajanja wakazikusanya, na mwaka 1995 wakaikopesha serikali vihela kwa rehani ya hisa za makampuni yake, deni halikulipwa, wakaishia na nikeli na mafuta.

"Kumbe soko huria balaa!" Tulia wewe. Poland walifungua tarehe 1 Januari 1990, tena kwa kishindo, yule waziri wao wa fedha Balcerowicz hakuwa na huruma. Viwanda vilifungwa, watu wakalia. Mwaka 1993 wapiga kura wakawatimua wakubwa, wakawarudisha hata wakomunisti wa zamani, na soko halikufungwa. Uchumi wao ulikua kila mwaka tangu 1992 mpaka korona ilipoingia. Yeltsin naye, mwaka huohuo wa 1993, alikuwa na ugomvi na bunge. Akaumaliza kwa vifaru. Sasa ukiibiwa nikeli yako, utamshtaki nani?

Nimeshaanza kutamba kwamba soko bila kura ni wizi, akajitia mwingine: "Na China? Na Vietnam? Chama kimoja, na hela wanazo."

Hawa ndio wanaoniharibia somo! China tangu 1978, Vietnam tangu 1986, soko wamefungua, kura wameifungia kabatini. Lakini wao walianzia shambani. Mkulima wa Vietnam aliachiwa mpunga wake auze, na ndani ya miaka michache nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikawa inauza nje. Mfanyakazi wa Urusi yeye aliachiwa masufuria ya kiwanda badala ya mshahara, akayatembeze mwenyewe, bosi yuko London anatafuta nyumba.